Mkono wa Karani: Kumtafuta Mfanyakazi wa Enzi ya Victoria katika Nyaraka

Waheshimiwa, wazee wetu, mabibi na mabwana,

Mama mkwe wangu kwao ni mashariki ya London, na watu wake wameishi huko tangu siku za Malkia Victoria. Nilipokwenda kujitambulisha kwake nilimwuliza, kama anavyoulizwa kwetu Tanga kila anayeungana na ukoo mwingine, babu zake walikuwa akina nani. Alicheka, akanimiminia chai, akasema kwamba wao ni watu wadogo, wabeba mizigo bandarini na washona nguo, na kwamba watu wa namna hiyo hawamo vitabuni. Mimi nilikulia katika nyumba ambamo mtoto wa madrasa aliweza kutaja majina ya baba zake mpaka wa saba bila kupumzika, kwa hiyo jibu lile lilinikaa moyoni, na watoto wetu walipozaliwa niliona kuwa nina deni: nusu ya nasaba yao ilikuwa haijulikani.

Baada ya miaka mingi ya kupekua madaftari nimefika mahali pa kusema kwamba mama mkwe alikosea katika jambo moja na alipatia katika jingine. Alikosea kudhani kwamba watu wake hawamo vitabuni, kwa maana wamo, tena kwa wingi unaoshangaza. Alipatia kwa sababu vitabu hivyo si vyao. Kila walipoandikwa, aliyeshika kalamu alikuwa karani wa mtu mwenye haja yake: serikali iliyotaka hesabu ya watu, parokia, yaani mtaa wa kanisa uliowajibika kwa maskini wake, iliyotaka kujua ni nani atakayebeba gharama ya mjane na wanawe, mahakama iliyotaka mshtakiwa, kampuni ya makaburi iliyotaka ada. Ombi langu kwenu leo ni moja tu, kwamba kila mnapoishika hati ya mtu wa tabaka lile, kabla ya kuuliza inasema nini, mwulize aliyeiandika alikuwa anataka nini.

Tuanze na usajili wa serikali. Katika Uingereza na Wales ulianza tarehe 1 Julai 1837, na tangu siku hiyo vizazi, ndoa na vifo viliingizwa katika madaftari ya wilaya na nakala zake kupelekwa London. Hata hivyo, kwa miaka zaidi ya 35 ya mwanzo, jukumu la kufuatilia vizazi lilimwangukia msajili kuliko mzazi, na watoto wengi wa vichochoroni hawakuandikwa kabisa. Sheria iliyoanza kufanya kazi mwaka 1875 ndiyo iliyomtwisha mzazi wajibu huo na kumtoza faini akipuuza. Sheria hiyohiyo ilizuia jina la baba lisiandikwe kwa mtoto wa nje ya ndoa isipokuwa baba mwenyewe afike mbele ya msajili na kukubali. Ukikuta mstari umepigwa mahali pa jina la baba, basi, usiharakishe kusema kwamba hakujulikana. Huenda mtaa mzima ulimjua, ila yeye siku ile alikuwa kazini au alikuwa amejificha.

Faharasa ya vyeti hivyo imepangwa kwa robo za mwaka na kwa wilaya, na hapo ndipo nilipoangukia. Nilikuwa namtafuta babu wa mama mkwe, mpakuaji wa meli mwenye jina ambalo London ilikuwa nalo kwa mamia. Nikapata mtoto mmoja wa jina hilo katika wilaya niliyoitarajia na mwaka nilioutarajia, nikanunua cheti, nikafurahi, nikaanza kuwafuata wazazi wake, babu zake, na shangazi zake, nikachora mti wenye matawi mazuri. Miezi minane baadaye, nikitafuta jambo jingine kabisa, nikakutana na cheti cha kifo cha mtoto yuleyule: alifariki kwa surua kabla hajatimiza miaka miwili. Nilikuwa nimemwozesha mtoto wa watu na kumpeleka bandarini kufanya kazi, naye amelala kaburini. Tangu siku ile sikubali jina lolote kabla sijatafuta vifo vya watoto wote wanaolichangia, na namshauri kila anayeanza afanye hivyo kwanza, kwa kuwa katika mitaa ile watoto walikufa kwa wingi usiosemeka.

Nyaraka zinazopendwa kuliko zote ni za sensa, iliyofanywa kila baada ya miaka 10. Ile ya 1841 ni bahili: mtu mzima aliyepita miaka 15 umri wake ulitakiwa ushushwe hadi tano iliyo chini yake, hata mwenye miaka 34 akawa wa 30, na mahali pa kuzaliwa palijibiwa kwa kusema tu kama ni katika kaunti ileile au la. Kuanzia 1851 zikaongezwa parokia ya kuzaliwa na uhusiano wa kila mmoja na mkuu wa nyumba, na hapo ndipo ukoo unapoanza kuonekana. Lakini karatasi tunazozisoma za miaka yote hiyo hadi 1901 si zile zilizojazwa nyumbani. Zile ziliharibiwa. Kilichobaki ni daftari la karani wa sensa, aliyekusanya karatasi za mitaa yake na kuzinakili kwa haraka, naye aliandika majina kama alivyoyasikia au alivyofaulu kuyasoma. Watu wa mashariki ya London huimeza herufi H mwanzoni mwa jina, na ukoo mmoja unaweza kuonekana chini ya H mwaka huu na chini ya A miaka 10 baadaye. Sisi hatuna haja ya kulishangaa jambo hilo, maana nasi tunao makarani waliomwandika Ramadhani kuwa Lamadhani, na cheti kikasimama hivyo mpaka leo.

Sensa ya 1911 ni ya kwanza ambayo karatasi ya nyumba yenyewe imehifadhiwa, kwa mwandiko wa mkuu wa nyumba. Miaka hiyo Victoria alikuwa amekwisha kufariki, lakini waliozaliwa katika enzi yake ndio waliokuwa wakijaza. Mwanamke aliyekuwa na mume aliulizwa ameolewa miaka mingapi, amezaa watoto wangapi waliozaliwa wakiwa hai, wangapi bado wapo na wangapi wamekufa. Wajane hawakutakiwa kujibu. Wengi walijibu hata hivyo, na karani akapiga mstari juu ya majibu yao, lakini wino wa chini bado unasomeka. Nimewahi kukaa muda mrefu mbele ya ukurasa mmoja wa aina hiyo: watoto 11, walio hai 4, mstari mwekundu juu yake. Serikali haikuhitaji kujua. Mama yule alitaka ijulikane.

Sasa niwape mfano wa mtu mmoja ambaye maisha yake yamefuatiliwa na wengine kwa kazi nzuri, na ambaye anaonyesha nguvu na udhaifu wa nyaraka hizi kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu. Jina lake ni Sarah Chapman, mmoja wa viongozi wa mgomo wa wanawake wa kiwanda cha viberiti cha Bryant and May, huko Bow, mwaka 1888.

Alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1862 huko Mile End, binti wa Samuel Chapman, aliyekuwa mtumishi katika kazi ya kutengeneza bia, na Sarah Ann Mackenzie. Sensa zinamwonyesha akikulia mitaa ileile, na alipokuwa anakaribia miaka 20 alikuwa amekwisha kuingia kiwandani kama mwendesha mashine ya viberiti, pamoja na mama yake na dada yake mkubwa. Simameni kidogo hapo. Katika daftari la sensa mara nyingi safu ya kazi ya mwanamke aliyeolewa huachwa tupu, hata pale ambapo tunajua kwamba wanawake wa mitaa hiyo walikaa usiku kucha wakigundisha maboksi ya viberiti nyumbani kwa malipo ya peni mbili na robo kwa kila maboksi 144, huku gundi na uzi wakinunua wenyewe. Kazi ya mama Chapman iliandikwa kwa sababu alitoka mlangoni kwenda kiwandani. Angekuwa akiifanya mezani kwake, na watoto wakimsaidia, huenda karani angepita bila kuiona.

Kiwandani njiti zilichovywa katika fosforasi nyeupe, sumu ambayo mvuke wake uliozesha mfupa wa taya. Mshahara ulikatwa kwa faini: peni 3 kwa miguu michafu, shilingi nzima kwa viberiti vilivyoungua kuwekwa mezani. Tunayajua hayo kwa sababu Annie Besant, mwandishi na mtetezi wa wafanyakazi, aliyachapisha katika gazeti lake, The Link, tarehe 23 Juni 1888. Uongozi ukataka wafanyakazi watie sahihi kwamba aliyoyasema ni uongo, wakakataa, na mwanzoni mwa Julai wanawake na wasichana wapatao 1,400 waliacha kazi. Wajumbe waliokwenda kumwona Besant ofisini kwake walikuwa watatu, na Sarah Chapman alikuwa mmoja wao. Mgomo ulimalizika katika nusu ya mwezi huohuo kwa ushindi: faini zikafutwa, na tarehe 27 Julai kikazaliwa chama cha wanawake watengeneza viberiti, naye Sarah akaingia katika kamati yake.

Kwa mtafutaji wa nasaba, hazina ya kisa hiki ni daftari la mfuko wa mgomo, ambalo hadi leo limehifadhiwa katika maktaba ya Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi, TUC, kwenye Chuo Kikuu cha London Metropolitan. Ndani yake zimo orodha za wagomaji, majina na anwani zao, na fedha walizogawiwa ili wasishinde na njaa. Karani wa sensa aliwafikia mara moja kwa miaka 10. Karani wa mgomo aliwafikia katikati ya mapambano, na sababu yake ya kuandika haikuwa kuwahesabu wala kuwatoza bali kuwapa haki yao ya mchango. Mtu mwenye bibi aliyefanya kazi kule anaweza kumkuta humo akiwa na mtaa wake, na jirani zake, na dada zake waliogoma naye. Hati za namna hii ni chache mno, ndiyo maana naona mtu akizipuuza kwa sababu hazina tarehe ya kuzaliwa anakuwa amechagua punje na kuacha shamba.

Mwaka 1888 huohuo Sarah alikuwa miongoni mwa wajumbe wa mkutano wa kimataifa wa vyama vya wafanyakazi uliofanyika London, na mwaka 1890 alihudhuria mkutano wa TUC mjini Liverpool. Kisha, mwezi Desemba 1891, akaolewa na Charles Henry Dearman, fundi wa makabati, na hapo nyaraka zinabadili sauti. Cheti cha ndoa cha Uingereza na Wales kiliandika majina na kazi za baba wa pande zote mbili. Mama hakuandikwa, na hali ilibaki hivyo tangu 1837 hadi Mei 2021. Yule Sarah Ann aliyempeleka binti yake kiwandani hakupewa mahali pa kukaa katika hati ya arusi ya binti huyo. Baada ya arusi jina la Chapman likatoweka, na mtafutaji asiyeijua ndoa ile anampoteza mgomaji wetu kabisa, kwa kuwa anayeonekana katika sensa zilizofuata ni Bi Dearman wa Bethnal Green, mke na mama, kati ya maelfu.

Nirudi kidogo kwa wale ambao hawakuwahi kuongoza mgomo, kwa maana ndio wengi, na ndio babu zetu sisi wengine. Mahali ambapo maskini wa enzi ile anaonekana kwa karibu zaidi ni pale mambo yalipomharibikia. Chini ya Sheria ya Maskini ya 1834, aliyeshindwa kabisa alielekezwa kwenye nyumba ya kazi, ambako mume alitengwa na mkewe na watoto wakatengwa na wazazi. Madaftari ya kuingia na kutoka ya nyumba hizo, mengi ya London yakiwa katika hifadhi ya nyaraka huko Clerkenwell, yanamwonyesha mtu akiingia Jumatatu, akitoka Alhamisi, akirudi tena kabla ya Krismasi. Kuanzia 1869 yakaongezwa madaftari ya dini, yaliyokusudiwa kuhakikisha kwamba Mkatoliki haandikwi Mprotestanti, lakini kwetu ni neema, kwa sababu mara nyingi karani alilazimika kuandika jina la ndugu wa karibu na anwani yake. Katika miaka ya nyuma zaidi yapo mahojiano ya makazi, ambamo mahakimu walimwuliza mwombaji amezaliwa wapi, amewahi kuajiriwa mwaka mzima na nani, amepanga nyumba ya kodi gani, ili waamue ni parokia ipi impokee na ipi imfukuze. Hati hizo zinakaribia kuwa tawasifu, ila ni tawasifu iliyotolewa na mtu mwenye njaa mbele ya watu wanaotafuta sababu ya kumwondoa, na ni lazima isomwe hivyo.

Vivyo hivyo mahakama. Mashauri ya Old Bailey, mahakama kuu ya jinai ya London, yaliyochapishwa kuanzia 1674 hadi 1913 yanasomwa bure kwenye intaneti, na wengi huyafungua wakitafuta mhalifu wa ukoo. Mimi nawashauri wawatafute mashahidi. Dobi aliyeibiwa shuka, mtoto aliyeona ugomvi, mlinzi wa ghala, wote walisimama wakaeleza walikuwa wapi saa ngapi na wanafanya nini, na maneno yao yakachukuliwa karibu kama yalivyotoka kinywani. Hakuna hati nyingine ya tabaka hilo inayokuruhusu kusikia mtu akizungumza kwa namna hiyo.

Nanyi mliotoka Unguja mna sababu ya pekee ya kuyafungua madaftari ya mabaharia. Jeshi la wanamaji liliweka kumbukumbu ya kila baharia wa kawaida, pamoja na manowari alizotumikia, tabia yake, urefu wake, rangi ya macho na hata chale zilizochorwa mkononi, na kwa familia nyingi zisizokuwa na fedha ya mpiga picha hayo ndiyo maelezo pekee ya sura ya babu. HMS London, manowari ya Waingereza, ilitia nanga Unguja kwa karibu miaka 10, kuanzia miaka ya 1870, ikiwa kituo cha kuwinda majahazi ya watumwa, na waliokuwa ndani yake, wapiga makasia na wachochea moto, walikuwa wana wa mitaa kama ile ya Bow na Portsmouth. Baadhi yao hawakurudi. Makaburi yao yapo kwenye kisiwa cha Chapwani, mbele ya Mji Mkongwe, na ninajua kwamba mvuvi wa Unguja anaweza kuwa amelala kivulini mwa jiwe la kaburi ambalo kilembwe wa marehemu huko Uingereza hajui kuwa lipo.

Mtafutaji atakwama pia, na si kwa uzembe wake. Sensa hufungwa kwa miaka 100. Ile ya 1921 ilifunguliwa Januari 2022, ya 1931 iliteketea kwa moto mwaka 1942, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Kumbukumbu nyingi za askari wa Vita Kuu ya Kwanza ziliungua London iliposhambuliwa kwa mabomu mwaka 1940, na zilizookolewa zina kingo nyeusi. Katikati ya shimo hilo limesimama daftari la taifa la tarehe 29 Septemba 1939, lililotengenezwa kwa ajili ya vitambulisho vya wakati wa vita, nalo linatoa tarehe kamili ya kuzaliwa, kwa hiyo linaweza kumfunga mzee wa miaka 70 na zaidi kwenye cheti cha mtoto aliyezaliwa katika enzi ya Victoria. Kwa wanawake waliobadili majina, tarehe hiyo moja ni msaada kuliko sensa tatu.

Sarah Dearman, aliyekuwa Chapman, alifariki tarehe 27 Novemba 1945, akiwa na miaka 83, baada ya vita viwili vya dunia. Utaratibu wa vyeti vya kifo wakati ule ulikuwa kumtambulisha mjane kwa kazi ya marehemu mumewe, hata kama yeye mwenyewe alifanya kazi tangu utoto. Alizikwa katika makaburi ya Manor Park, katika kaburi la pamoja lisilo na jiwe, akiwa na watu wengine watano wasiokuwa ndugu zake, kama walivyozikwa wengi ambao jamaa zao hawakumudu kununua kiwanja cha futi chache. Kaburi hilo lilitambuliwa zaidi ya miaka 70 baadaye na kitukuu wake, aliyekuwa akitafuta tu nasaba ya nyumbani kwao na akakuta, katikati ya vyeti, mwanamke aliyekwenda kugonga mlango wa mhariri mwezi Julai 1888. Wenzake watano wa kaburini wameandikwa katika daftari lilelile la makaburi, kwa mwandiko wa karani aliyetaka ada yake, na kila mmoja wao ana jina, umri na tarehe, ambazo kwa mtu anayejua kuzitumia zinatosha kuanzia.